Mjumbe wa Uongo Mwilini

Hotuba iliyosomwa mkutanoni, juu ya kemikali zinazovuruga homoni za mwanadamu





Wahenga walisema: Mjumbe hauawi. Maana yake ni kwamba mjumbe hana lake. Alilotumwa ndilo analolisema, na anayempokea humwamini kwa sababu ya yule aliyemtuma. Kwa ajili hiyo mjumbe alifunguliwa lango la mji hata wakati wa vita. Lakini imani hiyo ina hatari yake. Akitokea mtu akavaa mavazi ya mjumbe, akaiga sauti yake, akashika barua yenye muhuri wa kughushi, mlango utafunguliwa vile vile, na amri ya uongo itatekelezwa kama amri ya kweli. Maneno ya leo yahusu mjumbe wa namna hiyo. Si yule aendaye mji kwa mji, bali yule aingiaye ndani ya mwili wa mwanadamu.

Mwili una tezi nyingi. Iko moja chini ya ubongo, nayo ni ndogo kiasi cha punje ya njegere; iko nyingine shingoni, mbele ya koo; ziko mbili juu ya mafigo; liko kongosho, nyuma ya tumbo la chakula; na ziko ovari kwa mwanamke na korodani kwa mwanamume. Tezi hizo hutoa vitu vinavyoingia katika damu na kuchukuliwa kila upande wa mwili. Vitu hivyo ndivyo viitwavyo homoni. Jina hilo lilitolewa mwaka 1905 na mtaalamu wa Kiingereza, Ernest Starling, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Jina limesadifu kazi. Homoni ndizo zinazomwamuru mtoto arefuke, zinazoipima sukari katika damu, zinazoleta hedhi na kuikatiza, zinazootesha ndevu za kijana, na zinazoandaa maziwa katika kifua cha mama.

Kiasi chake ni kidogo mno. Homoni ya kike iitwayo estrojeni hupimwa kwa kipimo cha pikogramu, nacho ni gramu moja iliyogawanywa mafungu milioni mara milioni. Katika mililita moja ya damu ya mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huwamo makumi kadha ya pikogramu, au mamia machache, kwa kufuata siku za mwezi wake. Hata hivyo kiasi hicho kisichoweza kuonekana kwa jicho ndicho kinachoutengeneza mji wa mimba kila mwezi na kuulinda uimara wa mifupa. Basi atakayesema kwamba kitu kidogo hakiwezi kudhuru, na autazame kwanza mwili wake mwenyewe, aone jinsi unavyoendeshwa na vitu vidogo.

Homoni hufikaje mahali pake pasipo kupotea? Kila seli, yaani kila chembe hai ya mwili, ni mfano wa nyumba. Katika nyumba hiyo mna kipokezi, nacho huijua homoni yake kama mwenye nyumba anavyoijua sauti ya jamaa yake. Homoni ikipiga hodi, kipokezi huitikia karibu, na kazi iliyoagizwa huanza. Homoni isiyojulikana katika nyumba hiyo hupita njia yake.

Sasa ziko kemikali zilizotengenezwa na watu kwa shughuli nyingine kabisa, ambazo zikiingia mwilini huharibu utaratibu huu. Baadhi yake hupiga hodi kwa sauti ya homoni, zikafunguliwa. Nyingine huketi kizingitini zikauziba mlango, hata mjumbe wa kweli akija asipate pa kupita. Na nyingine huingilia kiwandani penyewe, zikaipunguza au kuizidisha homoni inayotengenezwa na tezi. Mwezi wa Julai 1991 wataalamu 21 walikutana Wingspread, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kwa mwito wa Bibi Theo Colborn, bingwa wa elimu ya wanyama. Kila mmoja alikuwa ameona kasoro mahali pake: huyu kwa ndege, yule kwa samaki, mwingine kwa binadamu. Walipoyaweka pamoja yale waliyoyaona, waliona kwamba yote yalikuwa na shina moja, wakazipa kemikali hizo jina la wavurugaji wa homoni.

Lakini kabla ya mkutano huo kufanyika, ushahidi ulio mzito kuliko wote ulikwisha kupatikana, tena si kwa ndege wala kwa samaki, bali kwa mabinti wa watu. Habari hiyo yastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa kila kilichokuja kujulikana baadaye kina mfano wake humo.

Mwaka 1938 huko London, tabibu na mwanakemia Charles Dodds pamoja na wenzake walitangaza kwamba wamefaulu kutengeneza dawa inayofanya kazi ya estrojeni. Dawa hiyo iliitwa diethilstilbestroli, nayo kwa ufupi huitwa DES. Estrojeni ya asili ilipatikana kwa taabu na kwa gharama kubwa, na ikimezwa sehemu yake kubwa huvunjwa na ini. DES ilikuwa rahisi kutengenezwa, ilikuwa na nguvu, na ilimezwa kama kidonge. Tena haikuwekewa haki ya mwenyewe; kiwanda chochote kiliweza kuitengeneza. Mwaka 1941 serikali ya Marekani iliruhusu itumike kwa wanawake waliokoma hedhi, na kwa mama aliyetaka kuyakausha maziwa. Mwaka 1947 ikaruhusiwa kwa waja wazito.

Sababu ya ruhusa hiyo ilikuwa njema. Huko Boston, bwana na bibi mmoja, George Smith na Olive Smith, waliokuwa wakichunguza mambo ya uzazi, waliamini kwamba mimba nyingi huharibika kwa upungufu wa homoni, na kwamba DES ingeweza kuuziba upungufu huo. Waliandika taratibu ya kumpa mja mzito miligramu 5 kwa siku kuanzia juma la 7, na kuzidisha kidogo kidogo mpaka kufika miligramu 125 katika juma la 35. Mama aliyekwisha kupoteza mimba mbili au tatu, na anayeililia ya nne, hawezi kulaumiwa akikipokea kidonge anachopewa na daktari wake. Alikipokea kwa shukrani, akakimeza kila siku pasipo kukosa, kwa ajili ya kumpenda mtoto ambaye hajamwona.

Lakini majaribio ya awali yalikosa jambo moja kubwa, nalo ni kulinganisha kwa haki. Mwaka 1953 daktari William Dieckmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi. Wanawake 840 walipewa DES, na wengine 806 walipewa kidonge kilichofanana nacho, ila hakikuwa na dawa ndani yake. Ikaonekana kwamba DES haikuzuia mimba kuharibika hata kidogo. Mwaka 1978 hesabu zile zile zilipopigwa upya, ilidhihirika kwamba waliopewa dawa walizidi wenzao kwa kuharibu mimba na kwa kuzaa kabla ya siku kutimia.

Ingedhaniwa kwamba baada ya mwaka 1953 dawa hiyo iliachwa. Haikuachwa. Matangazo ya biashara yaliendelea kuisifu, na baadhi yake yalishauri wapewe waja wazito wote, hata wasio na taabu yoyote, ili watoto wao wazaliwe wakubwa na wenye nguvu. Hata mifugo ililishwa dawa hiyo ili inenepe upesi. Kwa kuku ilikomeshwa Marekani mwaka 1959, lakini kwa ng'ombe haikukoma mpaka mwaka 1979. Yakadiriwa kwamba katika nchi ya Marekani peke yake, waliofikiwa na DES kwa njia ya ujauzito, mama na watoto wakihesabiwa pamoja, ni kati ya watu milioni 5 na milioni 10.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, madaktari wa Boston walipokea wasichana saba, wenye umri wa miaka 15 mpaka 22, waliokuwa na saratani ya uke ya aina iliyokuwa haijapata kuonekana kwa vijana. Saratani ya mahali hapo ilijulikana kuwa maradhi ya wanawake wenye umri mkubwa. Madaktari walitafuta chanzo wasikione. Waliuliza juu ya chakula, juu ya sabuni, juu ya maradhi ya utotoni. Ndipo mama wa mmoja wa wasichana hao alipomwuliza daktari Howard Ulfelder swali moja: je, yawezekana kwamba kile kidonge alichokuwa akimeza alipokuwa na mimba ya binti huyu ndicho kilichomletea maradhi? Daktari hakulitilia swali hilo uzito mkubwa, lakini hakulisahau. Mgonjwa mwingine alipokuja, naye mama yake aliulizwa, akajibu kwamba alipewa kidonge hicho hicho.

Hapo ndipo hesabu ilipopigwa. Arthur Herbst, Howard Ulfelder na David Poskanzer waliwachukua wasichana wanane wenye maradhi, wakamlinganisha kila mmoja na wenzake wanne waliozaliwa karibu na siku yake katika hospitali ile ile, nao wasio na maradhi. Mama saba katika wale wanane walikuwa wametumia DES. Katika mama 32 wa upande wa pili, hakuna hata mmoja. Habari hiyo ilichapishwa mwezi wa Aprili 1971, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali ya Marekani ikatangaza kwamba dawa hiyo isipewe mja mzito. Uholanzi iliendelea kuitumia kwa waja wazito mpaka mwaka 1976, na Ufaransa mpaka 1977.

Saratani hiyo, ashukuriwe Mungu, haikuwapata wengi. Humpata kiasi cha binti mmoja katika elfu moja waliokuwa tumboni wakati mama zao walipotumia dawa. Madhara mengine yalienea zaidi. Mji wa mimba wa baadhi ya mabinti hao ulikua kwa umbo lisilo lake, mwembamba kama herufi ya T. Mwaka 2011 wachunguzi wa Marekani walitoa hesabu ya mabinti hao mpaka walipofika umri wa miaka 45. Walioshindwa kupata mimba walikuwa 33.3 katika kila mia, ambapo katika wanawake wengine walikuwa 15.5. Waliozaa kabla ya siku kutimia walikuwa 53.3 katika kila mia, na wengine 17.8. Kwa wana wa kiume, baadhi walizaliwa na korodani zisizoshuka mahali pake. Basi dawa iliyotolewa ili mama mmoja apate mtoto, ilikuja kumnyima mjukuu.

Yafaa kuuliza ilikuwaje jambo kubwa namna hiyo likae zaidi ya miaka ishirini bila kutambuliwa. Majibu ni manne, na kila moja ni fundisho.

La kwanza, mtoto alizaliwa akiwa mzima. Hakukosa kidole wala jicho. Alinyonya, akatambaa, akaenda shule. Dhara lilikaa kimya ndani yake mpaka alipobaleghe, au mpaka alipoolewa na kutaka mtoto.

La pili, watu walidhani kwamba kondo la nyuma ni ukuta unaomzuilia mtoto kila kitu kibaya. Sivyo. Lapitisha chakula, na mambo mengine mengi hupita pamoja na chakula. Tena damu ina walinzi wake wanaoishika sehemu kubwa ya estrojeni ya asili isizurure ovyo. Lakini walinzi hao waliishika DES kwa ulegevu, nayo ikapita.

La tatu ni wakati. Katika majuma ya mwanzo ya mimba, viungo vya uzazi vya mwana na vya binti huwa havijaachana. Homoni ndizo zinazoamuru kipi kikue na kipi kinyauke, na amri hiyo hutolewa mara moja tu. Mjumbe wa uongo akipeleka habari kwa mtu mzima, huenda mwili ukajirekebisha habari hiyo ikikoma. Akiipeleka siku ile nyumba inapojengwa, msingi utawekwa upande, na hakuna fundi atakayeweza kuurudia. Ni hivyo hivyo kwa homoni ya tezi ya shingo, ambayo ndiyo inayoujenga ubongo. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea ile ya mama yake, na ikipungua wakati huo, akili ya mtoto huweza kupungua kwa maisha yake yote.

La nne, hapakuwa na kumbukumbu. Mama wengi walikuwa wamelisahau jina la dawa. Kidonge kilitengenezwa na viwanda vingi, kwa majina mengi na rangi nyingi. Madaktari walikuwa wamekufa, na karatasi za hospitali zimetupwa. Binti aliyetaka kujua lililompata hakuwa na wa kumwuliza ila mama yake, na mama hakuwa na cha kumwonyesha.

Ikiwa DES ilikuwa dawa iliyomezwa kwa makusudi, vipo vitu vingine viingiavyo mwilini bila mtu kukusudia. Mfano mmoja ni DDT, dawa ya kuulia wadudu. Mwaka 1950 wachunguzi wawili wa Marekani, Howard Burlington na Verlus Frank Lindeman, waliwapiga majogoo wachanga sindano za DDT. Vifaranga hao walikua, lakini korodani zao zilibaki ndogo, na vilemba vyao havikuchomoza kama vya majogoo wenzao. Dawa ya kuua mdudu ilikuwa imesema na mwili wa jogoo kwa lugha ya homoni ya kike. Mwaka 1995 ikaja kuonekana tena kwamba mabaki ya DDT, yaitwayo DDE, huziba kipokezi cha homoni ya kiume. Mabaki hayo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, na hupita katika maziwa ya mama.

Jambo hili lazigusa nchi za huku. Mapatano yaliyotiwa sahihi Stockholm mwaka 2001, na kuanza kutumika mwaka 2004, yaliizuia DDT mashambani, lakini yaliiacha itumike kwa kupuliziwa ndani ya nyumba dhidi ya mbu wa malaria. Mwaka 2008 ilipuliziwa katika nyumba za wilaya za Apac na Oyam, kaskazini ya Uganda. Wakulima wa pamba walilalamika, shauri likafika mahakamani, na upuliziaji ukasimamishwa. Katika ugomvi wa namna hii si haki kumwona mmoja kuwa mwema na mwingine kuwa mwovu. Malaria huua watoto, na kaburi la mtoto halihitaji darubini kuonekana. Dhara la homoni huja polepole, wala halipigi ukelele. Mwenye hekima huweka yote mawili katika mizani, na penye njia ya tatu, kama chandarua chenye dawa au dawa nyingine isiyodumu mwilini, huitazama hiyo kwanza.

Mfano wa pili ni plastiki. Yule yule Charles Dodds aliyeitengeneza DES, alionyesha mwaka 1936 kwamba kemikali moja iitwayo bisfenoli A hufanya kazi ya estrojeni. Haikufaa kuwa dawa kwa kuwa ilikuwa dhaifu, ikawekwa kando. Katika miaka ya 1950 wenye viwanda waliichukua kwa kazi nyingine, wakaifanya plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, na utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula. Iliyokataliwa katika duka la dawa ikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1998 bingwa Patricia Hunt wa Marekani alishangaa kuona mayai ya uzazi ya panya wake wasiopewa chochote yameanza kuharibika. Alipochunguza aligundua kwamba vizimba vya plastiki vilioshwa kwa sabuni kali isiyofaa, vikaanza kutoa bisfenoli A. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliizuia katika chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani mwaka 2012. Mwaka 2023 wakaguzi wa chakula wa Ulaya walikishusha kiasi walichokuwa wakikiona salama kwa mtu kwa siku, wakakifanya kidogo mara 20,000 kuliko cha mwanzo. Si wakaguzi wote waliokubali hesabu hiyo; lakini mwisho wa mwaka 2024 Ulaya ilipitisha amri ya kuiondoa bisfenoli A katika vyombo vyote vya chakula.

Mfano wa tatu ni ndugu wa karibu wa mambo haya, nao hauji kwa siri bali hununuliwa kwa fedha: ni mafuta ya kujichubua, na ule mchanganyiko uitwao mkorogo. Mengi ya mafuta hayo huwa na dawa kali za ukoo wa steroidi, kama klobetasoli, ambazo huiga homoni itokayo katika tezi za juu ya mafigo. Daktari huitoa dawa hiyo kwa maradhi ya ngozi, kidogo, na kwa siku chache. Mtu anayejipaka mwili mzima mwaka hata mwaka huifanya ngozi yake nyembamba, na dawa huingia katika damu. Hapo tezi za mwili huona kazi yao inafanywa na mgeni, nazo hulala. Uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika. Naye akiacha ghafula, pasipo kumwona daktari, aweza kuzimia, kwa kuwa mgeni ameondoka na mwenyeji hajaamka. Msichana anayetafuta uzuri kwa njia hiyo hauzi rangi tu; huuza na ulinzi wa mwili wake.

Baada ya kuyasikia haya, mtu aweza kuingiwa na hofu, akadhani kwamba kila kitu ni sumu. Hofu si dawa. Yako mambo machache yanayowezekana katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini.

Kwanza, mja mzito asimeze dawa ya dukani wala ya jirani pasipo kumwuliza tabibu au mkunga, na asione haya kuuliza: dawa hii ni ya nini, na imejaribiwa kwa waja wazito? Wala asiache kwa hofu dawa aliyoandikiwa, kama ya malaria au ya kisukari; na aulize kwanza, kwani kuacha nako kuna madhara yake.

Pili, chakula cha moto na mafuta ya moto visitiwe katika plastiki, wala maziwa ya mtoto yasichemshiwe ndani yake. Bakuli la udongo, la kioo au la bati lisilobambuka halina sauti ya homoni.

Tatu, dumu lililochukua dawa ya wadudu lisitumike kamwe kwa maji, kwa maziwa, wala kwa mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara saba. Mwenye kupuliza dawa shambani abadili nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, na mboga na matunda yaoshwe kwa maji mengi.

Nne, mafuta yasiyoandikwa yaliyomo ndani yake yasiingie nyumbani, na aliyekwisha kuyazoea aende kwa daktari, amwambie kweli yote pasipo kuona aibu, ili aachishwe polepole.

Tano, na hili ndilo la bei rahisi kuliko yote, kila mama aandike. Kadi ya kliniki isitupwe mtoto anapoanza kutembea. Jina la kila dawa iliyomezwa wakati wa mimba, na mwezi wake, liandikwe katika daftari na kuwekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Baba anayeweka hati za shamba sandukuni aiweke na karatasi hiyo humo. Nayo ni hati ya urithi.

Kwani katika habari yote iliyosimuliwa leo, walikuwamo wanakemia, mabingwa wa vyuo vikuu, wenye viwanda na wakaguzi wa serikali. Ufunguo haukuwa kwa yeyote kati yao. Ulikuwa kwa mama mmoja aliyeketi kando ya kitanda cha binti yake, akakumbuka jina la kidonge cha zamani, akathubutu kumwuliza daktari swali lililoonekana dogo. Na daktari naye, ingawa hakuliamini mara moja, hakulitupa. Lau mama yule angenyamaza kwa kuona haya mbele ya mwenye elimu, au lau angelisahau jina lile, wanawake wangapi zaidi wangemezeshwa dawa ile?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni mwembamba, kama pikogramu moja katika damu. Lakini nyumba inayoegemea ukuta huo ni ya watoto wasiozaliwa bado.